Sentimita Sitini na Moja

Ülo amepima mlango mara tatu,
kana kwamba mbao huota usiku.
Sabini na nane, anasema. Sabini na nane tena.
Futi kamba inajivuta ndani ya kopo lake
kwa mlio wa mtu anayemeza maneno.

Tunakaa Tartu, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti,
na mashine tunayoitaka ina kilo sitini na nane
kabla hujaihesabia miguu.

Mimi ndiye mpiga picha. Yeye ndiye mpimaji.
Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye vinamasi vya Soomaa,
buti zimejaa, maji yanapopanda kuaga theluji
na wenyeji wakauita msimu wa tano,
nikiyapiga picha maji meusi yasiyo na haraka.
Miaka kumi na tisa nimewapa wengine wanichapie,
na weusi wangu umekuwa ukirudi
na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.

Kijana wa dukani, Kaarel, ana subira ya muuguzi.
Wino mwepesi, anasema, unang'aa vizuri,
lakini jua la dirishani litaula polepole.
Wino wa chembechembe utadumu kuliko sisi sote hapa.
Akaziona nywele zetu. Akakohoa.
Halafu: usipochapa kila wiki, matundu huziba,
na kuyazibua hunywa wino
kama mlevi siku ya mshahara.
Vikopo kumi na kimoja. Niliuliza bei ya kimoja.
Ülo alitoka nje kuangalia theluji.

Rahisi ghali, nilimwambia garini.
Na ghali ni ghali pia, akajibu.

Ipo ndogo, ya karatasi ya sentimita arobaini na tatu,
inakaa juu ya kabati, haimkeri mtu.
Mchagua jembe si mkulima, najua, najua.
Lakini nilikata karatasi za kufungia mizigo
kwa vipimo vyote viwili, nikazibandika ukutani, tupu.
Mbele ya ndogo nilisimama kama mtu dirishani.
Mbele ya kubwa
nilikunja suruali.

Basi kubwa. Sasa wapi?
Jikoni kuna mvuke.
Sebuleni kuna piano ya mama yake Ülo,
haipigwi, wala hakuna anayethubutu kuitaja.
Ukumbi ni wa kupita.

Kimebaki chumba cha Rasmus.

Hapo Ülo akaacha kupima.

Miaka sita yuko Tampere, na kitanda kimetandikwa,
na kila Ijumaa napangusa kombe lake la judo,
la shaba, nafasi ya tatu.
Krismasi huja siku mbili, pamoja na Heidi,
na hulala hotelini, wasitusumbue.

Nilimpigia simu. Nikaanzia mbali:
kazi, barabara, bei ya siagi,
wino wa chembechembe, unyevu unaofaa karatasi.
Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.
Mama, akasema, kile kitanda kina mguu mbovu
tangu niko darasa la nane. Kitoeni.
Hivyo tu. Kama mtu anayesema funga dirisha.

Jumamosi tukakiteremsha.
Ülo alipumzika kila ghorofa, akidai ni kwa ajili yangu.
Tuliporudi juu, pale kilipoegemea ukuta
tulikuta mstatili wa buluu, buluu kali,
ile buluu ya siku tulipobandika karatasi ya ukutani,
mimi nikiwa na mimba ya miezi minane, yeye juu ya ngazi.
Kuzunguka pote, rangi ilikuwa imeshaliwa,
na sisi tulidhani chumba kizima kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kaarel hakukosea kuhusu jua.

Ülo akautazama muda mrefu.
Kisha akatoa futi kamba, akapiga goti, akapima.
Inatosha, akasema.
Hakusema nini.